Fungate Kerala ni Njema, ila Mahari Yasiuzwe



Wiki iliyopita tuliletewa ujumbe na bibi harusi mtarajiwa. Harusi yake inshallah ni kabla ya Ramadhani, na bwana wake amesema fungate watakwenda Kerala, kusini mwa India. Alituuliza mambo mawili: mwezi gani ni mzuri, na nguo gani abebe. Kisha mwishoni, kwa mstari mmoja tu, akatuambia kuwa bwana amependekeza wauze bangili mbili za mahari yake ili fedha za safari zitimie. Hilo hakuliuliza. Alilitaja tu, kama mtu anavyotaja bei ya nyanya.

La mwezi na la nguo majibu yake tunayo, na utayaona hapa chini. Lakini sisi tuliousoma ujumbe ule pamoja tulinyamaza tulipofika kwenye ule mstari wa mwisho, maana yeye si wa kwanza. Mwengine alituambia hivyo hivyo kuhusu Istanbul, na mwengine kuhusu Dubai.

Basi msimamo wetu tunauweka mwanzo ili asije mtu akasema tumemzungusha. Kerala ni pahala pazuri sana pa fungate kwa mwanamke wa Kiislamu wa pwani, pengine kuliko pengi tunapokimbilia. Nendeni, na Mwenyezi Mungu awabariki. Lakini bibi harusi akae kwenye mkeka wa kupanga safari tangu siku ya kwanza, na mahari yake yasiguswe. Safari isiyowezekana bila ya mahari ni safari ambayo wakati wake haujafika.

Kwa nini Kerala

Sisi wa visiwani India tunaijua kwa hospitali. Nani kati yetu hana jamaa aliyepelekwa kule kwa moyo, figo au mgongo? Tukisikia India tunaona foleni ya daktari na bahasha la vipimo. Kerala inatuonesha India nyengine. Ni jimbo jembamba lililolala baina ya Bahari ya Arabu na safu ya milima ya Ghats ya Magharibi. Kuna minazi kila unapogeuka, pilipili manga inapanda miti kama kwetu, na iliki inalimwa milimani. Chakula cha kila siku cha watu wa kawaida ni wali na mchuzi wa samaki, au muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki wenye pilipili. Bibi harusi wa Makunduchi hatokuwa mgeni wa sahani hiyo.

Na si chakula tu. Kwa sensa ya India ya 2011, Waislamu wa Kerala walikuwa zaidi ya robo ya watu wote wa jimbo, na katika wilaya ya Malappuram ndio walio wengi. Tena wengi wao wanafuata madhehebu ya Imam Shafi, kama sisi, ilhali Waislamu wengi wa kaskazini mwa India ni Hanafi. Wale waliosoma vyuoni wanakijua kitabu cha Fat-hul Muin. Mtunzi wake, Sheikh Zainuddin al-Malibari wa karne ya 16, ni mtu wa Ponnani, mji wa pwani ya Kerala. Hilo "Malibari" ndilo Malabar, jina la zamani la pwani ile.

Wazee wetu wa majahazi waliijua njia hii kabla ya ndege. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka kiasi ya kumi baadaye akawa yuko pwani ya Malabar, ambako anaeleza kuwa alimkuta mwanachuoni kutoka Mogadishu. Hata Vasco da Gama, aliyetua karibu na Kozhikode Mei 1498, hakuivumbua njia: rubani alimpata Malindi.

Kwa hiyo dada, ukienda Kerala huendi ugenini kabisa. Huko hutokuwa mwanamke pekee aliyejifunika ndani ya mkahawa, wala hutotafuta nyama ya halali kwa tochi, hasa upande wa kaskazini wa Kozhikode na Malappuram. Ukisikia adhana ukiwa barabarani hutojiuliza umesikia vibaya.

Neno lenyewe linatukumbusha

Fungate kwa wazee wetu haikuwa tiketi ya ndege. Ilikuwa siku saba, na siku hizo bwana harusi ndiye aliyekuja kukaa nyumbani kwa bibi harusi. Bibi harusi alikuwa kwenye chumba anachokijua, na somo wake yupo karibu, anamuangalia chakula chake, maji yake ya kuoga yenye asumini, na hali yake. Kama kuna linalomuuma, alikuwa na wa kumwambia.

Na cha kushangaza, watu wa kaskazini mwa Kerala wana desturi inayofanana na hiyo. Kwa Waislamu wa Thalassery na Kannur, na baadhi ya koo za Kozhikode, bwana harusi huhamia kwa kina mke, kwenye chumba alichotayarishiwa katika nyumba kubwa ya ukoo. Bwana harusi mpya wanamwita *puyyapla*, na mama mkwe humpikia kwa siku nyingi mpaka akachoka yeye. Bibi harusi habanduki kwa watu wake.

Hatusemi turudi kufungiwa chumbani. Tunachosema ni kuwa fungate kiasili ilipangwa kwa kumtazama bibi harusi: apumzike, azoee, asitishike. Leo tumeitoa nyumbani tukaipandisha ndege, na hapo hapo tukamtoa bibi harusi kwenye mpango. Bwana na marafiki zake wanachagua mji, wakala anachagua hoteli, na bibi harusi anaambiwa siku ya safari.

Mwenzetu mmoja ilimkuta hivyo. Alipelekwa Kerala mwezi wa Julai, kwa sababu wakala alisema bei imeshuka. Imeshuka kweli, na sababu yake aliiona uwanja wa ndege: mvua. Siku nne kati ya saba walikaa hotelini wakianika nguo kwenye feni. Mashua waliyolipia ilibaki imefungwa gatini. Tulipomuuliza kwa nini hakusema kitu kabla, alijibu, "Mimi sikuulizwa." Wahenga walishasema: asiyekuwepo na lake halipo.

Mwezi wa kwenda

Basi hili ndilo jibu la kwanza. Ule upepo wa kusi unaotuletea sisi baridi na ukavu Juni hadi Agosti, ukivuka bahari hufika Kerala umebeba maji. Mvua kubwa huingia huko mwanzoni mwa Juni na kuendelea hadi Septemba. Oktoba na Novemba huja mvua nyengine, ambazo mara nyingi hunyesha mchana ukienda alasiri. Machi hadi Mei ni joto zito. Miezi mizuri ni Disemba, Januari na Februari.

Mvua hii si ya mzaha. Agosti 2018 mafuriko ya Kerala yaliua watu zaidi ya 400. Julai 2024 milima iliporomoka wilayani Wayanad usiku watu wamelala, wakafa zaidi ya 200. Wapo wanaokwenda makusudi wakati wa mvua kwa tiba za Ayurveda, kwa sababu wenyeji wanaamini mwili hupokea dawa vizuri msimu huo. Wao wanajua wanachokifuata. Fungate ni jambo jengine.

Habari njema ni kuwa miaka hii Shaaban, mwezi wetu mkubwa wa harusi, inaangukia Januari na mwanzo wa Februari. Ukiolewa wakati huo, kalenda yetu na hali ya hewa yao vinakubaliana. Epuka tu wiki ya mwisho ya Disemba na ya mwanzo ya Januari, maana bei za hoteli na mashua hupanda kwa sababu ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Na hesabu siku kabla ya Ramadhani. Bibi harusi anayeshuka kwenye ndege usiku wa kuamkia kufunga, nyumba haijafagiliwa, ataanza ndoa na uchovu.

Njia ya siku saba

Kosa la mawakala wengi ni kumpeleka mtu miji mitano kwa siku saba. Sisi tungepanga hivi, na wewe punguza unavyotaka.

Ingilia Kozhikode, kaa siku mbili. Kuna uwanja wa ndege, na safari za kupitia miji ya Ghuba si ngumu kuzipata kwa sababu watu wengi wa huko wanafanya kazi Ghuba. Tembea mtaa wa Kuttichira uone Msikiti wa Mishkal, uliojengwa karne ya 14 na mfanyabiashara kutoka Yemen. Hauna kuba wala mnara. Ni ghorofa za mbao na mapaa yaliyopandana. Wareno waliuchoma mwaka 1510, ukatengenezwa tena. Jioni nenda mtaa wa SM Street ukanunue halua. Imekatwa mapande yenye rangi kila aina, na utabishana na mumeo kama inaishinda ya Wete. Biriani ya kule, hasa ya mtindo wa Thalassery, hupikwa kwa mchele mfupi mwembamba wenye harufu, si basmati. Ile peke yake inatosha safari.

Kutoka hapo panda treni kwenda Kochi, mwendo wa saa kama nne ukipita minazi na mito. Lala usiku mmoja Fort Kochi, uone nyavu kubwa za Kichina zinazoteremshwa baharini kwa magogo na mawe.

Kisha Munnar, siku mbili. Ni kilomita kama 130 kutoka Kochi, lakini barabara ni ya milima na kona, kwa hiyo hesabu saa nne au zaidi. Kama unatapika garini, beba tangawizi na usile vizito. Munnar iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, mashamba ya chai yamefunika vilima vyote. Na hapa ndipo jibu la nguo: Disemba na Januari usiku wake unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Sisi watu wa pwani baridi hiyo hatuijui. Beba sweta, soksi, na mtandio mzito. Kwengine kote baibui jepesi la pamba linatosha, na viatu vya kuvua haraka, kwa sababu misikitini na majumbani utavivua mara kwa mara.

Siku ya sita ni Alappuzha, usiku mmoja kwenye mashua. Ya saba rudi Kochi, upumzike, ununue viungo na upande ndege.

Kwa karatasi: viza ya India huombwa kwa intaneti, lakini hakikisha ni tovuti ya serikali ya India yenyewe, kwa sababu zipo za kuiga zinazotoza fedha za ziada. Pasipoti iwe na miezi sita mbele. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano beba, hasa kama mnapitia Nairobi au Addis Ababa, na chanjo ichomwe mapema kwa sababu cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano. Beba pia nakala ya cheti cha ndoa. Pasipoti yako ina jina la baba yako, ya bwana ina jina la baba yake, na hoteli za India huandikisha kila mgeni. Cheti kitakuepusha na maswali ya mapokezi.

Ibada na halali

Kwa sala, msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Lakini katika madhehebu yetu, ukinuia kukaa pahala pamoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya usafiri inakatika tangu ulipofika. Njia tuliyoipanga hapo juu haifiki siku hizo pahala popote. Hata hivyo muulize sheikh wako kabla ya kuondoka, usije ukabishana na mumeo juu ya rakaa mbele ya mashamba ya chai.

Programu ya nyakati za sala kwenye simu iangalie. Ukiiweka India, mara nyengine hujiweka kwa hesabu ya Hanafi na alasiri ikachelewa. Igeuze iwe Shafi. Misikiti mingi ya zamani ya Kerala haina pahala pa wanawake, wakati mengine ina ukumbi wao na mlango wao. Waulize wenyeji, na kwenye mkoba uwe na mswala mwembamba na kichupa cha maji.

Kwenye chakula kuna mambo mawili ambayo wakala hatokwambia. La kwanza ni *appam*, mkate wa mchele na nazi, laini katikati na mkavu pembeni, ambao ukiuona utasema ndugu yake vibibi. Unga wake kwa asili huumuliwa kwa tembo la mnazi. Siku hizi wengi wanatumia hamira, lakini uliza. La pili, kuna mabanda yanayoitwa *kallu shaap*, yenye sifa ya samaki wa pilipili, na watalii hupelekwa. Hiyo *kallu* ndiyo tembo lenyewe. Samaki wa pilipili wako kwengine pia.

Tiba za Ayurveda za kuchuliwa kwa mafuta ni nzuri kwa mwili uliochoka na harusi. Anayejua singo na mafuta ya nazi atazielewa haraka. Desturi ya Kerala ni mwanamke kuhudumiwa na mwanamke, lakini lihakikishe wakati wa kuweka nafasi, si ukishavua nguo. Na kwa dawa za kunywa, uliza jina: zile zinazoitwa *arishtam* huchachushwa na zina ulevi ndani yake.

Mashua na stara

Picha inayowapeleka wengi Kerala ni ile mashua yenye paa la kusuka juu ya maji yaliyotulia ya ziwa Vembanad. Inaitwa *kettuvallam*, maana yake mashua ya kufungwa, kwa sababu mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba badala ya misumari. Mitepe ya Lamu ilishonwa hivyo hivyo. Zamani zilibeba mpunga na viungo, leo zinabeba maharusi.

Lakini elewa unachokinunua. Kwa kawaida utapanda saa sita mchana na kushuka saa tatu asubuhi ya siku ya pili, na jioni mashua hufungwa kwa sababu wavuvi wanatega nyavu. Usitarajie kusafiri usiku kucha. Ndani mtakuwa na mabaharia na mpishi, wanaume wawili au watatu, na sebule iko wazi pande zote. Hiyo mashua ya "chumba kimoja peke yenu" bado si faragha ya kuvua ushungi nje. Uliza kama sebule ina mapazia, kama kuna roshani ya juu, mabaharia wanalala wapi, na kama kiyoyozi kinawaka mchana, maana baadhi hukiwasha usiku tu.

Haya yote ni maswali ambayo mwanamume, hata akiwa mwema namna gani, hatoyakumbuka. Si kosa lake; yeye hatovaa ushungi kwa saa ishirini na moja. Ndiyo maana tunasema bibi harusi apange.

Sasa tuzungumze zile bangili

Tumeyaacha mwisho makusudi, ili usiseme hatuitaki Kerala.

Mahari ni haki ya mke. Mwenyezi Mungu ameyataja katika Sura ya An-Nisaa, aya ya nne, kuwa wanawake wapewe mahari yao, na kwamba mume akipewa kitu katika hayo kwa ridhaa ya nafsi ya mke, ni halali kwake kukitumia. Wanaotaka kuuza bangili huikimbilia hiyo sehemu ya pili. "Si amekubali mwenyewe?"

Nasi tunauliza: amekubali lini? Kama ni siku tano kabla ya harusi, kadi zimeshatolewa, ukumbi umeshalipiwa, na shangazi wa bwana harusi ameshatangaza mtaa mzima kuwa mwanawe anampeleka mke India, msichana huyo atakataaje? Akisema hapana ataitwa mchoyo kabla hajaingia nyumba. Ridhaa ya nafsi ni ile ambayo mtu angeweza kusema hapana akalala usingizi. Hiyo nyengine ni haya, na haya ya bibi harusi si leseni ya kuuzia dhahabu yake.

Wapo watakaosema mume na mke ni kitu kimoja, mali ya huyu ni ya huyu. Neno tamu, lakini sharia haikusema hivyo. Nafaka ni juu ya mume, na mali ya mke ni ya mke, awe tajiri au masikini. Ndoa ikienda vizuri miaka ishirini, atakuja kumsaidia mumewe kwa bangili hizo siku ambayo mtoto ataugua au duka litaungua, na atafanya kwa moyo mkunjufu. Ndoa isipokwenda vizuri, na sote tunawajua waliorudi kwao na sanduku moja, bangili hizo ndizo zitakazomlipia kodi miezi ya mwanzo. Mashua ya Alappuzha itakuwa imeshabaki kwenye simu.

Na kama kuna watu wa kutufundisha hili, ni hao hao wa Kerala. Ukifika utawaona mabibi harusi wamevaa dhahabu kutoka shingoni mpaka kiunoni. Utavutiwa. Lakini katika nyumba nyingi dhahabu ile imetoka kwa baba wa msichana: ameuza kiwanja au amekopa, ili binti aende kwa mume na uzito wa kutosha. Waislamu wa huko nao wana mahari katika nikaha kama sisi, lakini mara nyingi huwa kidogo mbele ya kile kinachodaiwa upande wa bibi harusi. Sheria ya India ya mwaka 1961 imekataza kudai mali kwa wazazi wa bibi harusi, na bado watu wanadai. Wapo wasichana walioteswa kwa sababu dhahabu haikutimia.

Sisi Mwenyezi Mungu ametunusuru na hilo. Kwetu mwanamume ndiye anayetoa. Sasa mwanamume akitoa bangili Ijumaa kisha akaziomba Jumatatu azilipie tiketi, nani aliyetoa? Bibi harusi ndiye aliyejilipia fungate, na mahari yamebaki jina kwenye cheti. Tutakuwa tumeingia kwenye mlango ambao wenzetu wa ng'ambo wanalia kutoka, na tumeingia tukipiga vigelegele.

Fungate ya ndege si wajibu wala si nguzo ya ndoa. Kama fedha hazijatosha mwaka huu, zipo siku saba za Matemwe, za Pujini, au za chumba chenu wenyewe chenye udi na mlango unaofungika. Kerala haiendi popote. Wekeni kidogo kidogo, mwende baada ya mwaka mmoja au miwili, mkiwa mmeshajuana. Tunawajua waliofanya hivyo, na wanasema walifurahi zaidi kwa sababu hawakuwa wakioneana haya hata kuagiza chai.

Kwa hiyo bibi harusi wetu uliyetuandikia, haya ndiyo majibu yako. Mwezi ni Januari au mwanzo wa Februari. Nguo ni pamba, na sweta la Munnar. Na kwa lile ambalo hukuliuliza: kaa na bwana wako kabla ya kadi kutoka, si baada. Mwambie kwa upole kuwa Kerala unaitaka, tena unajua hata saa mashua inapofungwa, na kuwa utamsaidia kupanga mpaka ipatikane njia ya bei nafuu. Kisha mwambie mahari yako utayavaa ukienda. Mwanamume mwema ataelewa, na pengine atapumua, maana huenda na yeye alikuwa akibanwa na maneno ya watu.

Akikasirika kwa hilo, basi umelijua jambo muhimu kabla ya safari, alhamdulillah, nalo ni kubwa kuliko Kerala.

Mwenyezi Mungu awape maharusi wetu wote mapenzi na huruma, awajaalie kheri katika safari zao na majumba yao. Amin.